Kabla ya Kupunguza Besi

Kijana anayerekodi wimbo chumbani kwake leo ana traki nyingi kuliko studio kubwa za dunia za miaka ya 1970. Laptopu ya mtumba, maiki moja, kadi ya sauti, hedifoni na programu kama FL Studio au Cubase vinamtosha. Alichokosa ni watu wa kuusikia wimbo kabla haujarekodiwa. Bendi za dansi za Dar es Salaam, kuanzia NUTA Jazz hadi Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, kwa kawaida zilitunga nyimbo mazoezini, zikazipiga ukumbini, zikaona wachezaji wanainuka wapi na wanarudi kukaa wapi. Wimbo ulipofika mbele ya maiki za Radio Tanzania Dar es Salaam, ulikuwa umeshapita kwenye masikio mengi. Mpiga gita aliyejaza mno aliambiwa na mwenzake palepale, na mwimbaji aliyemeza maneno alionekana kwenye nyuso za watu wa meza za mbele.

Wimbo wa geto, yaani wa chumbani, unakwenda kinyumenyume: unarekodiwa kwanza, halafu unatafutiwa msikilizaji. Ndiyo maana wanamuziki wa nyumbani wamegeuka kuwa ukumbi wa wenzao. Faili linatumwa saa sita usiku: "Kaka, sikiliza hii, nipe maoni." Majibu yanakuja ndani ya dakika mbili, kabla hata wimbo wa dakika tatu haujaisha. "Moto." "Umeua." "Kali sana, ila besi ipunguze kidogo."

Jibu hilo la tatu ndilo linalonishughulisha, kwa sababu linafanana na maoni ya kweli. Limetaja kitu, limetoa maelekezo, na mwenye wimbo anaweza kulifanyia kazi usiku huohuo. Mara nyingi halimsaidii.

Tuangalie besi hiyo kwa karibu. Chukua chumba cha mita 3 kwa mita 3, kuta za tofali tupu, sakafu ya vigae. Katika joto la pwani sauti husafiri kati ya mita 345 na 350 kwa sekunde. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita 3, wimbi la masafa ya Hz 58 hivi hugonga ukuta, likarudi na kukutana na lenyewe: karibu na ukuta linanguruma, katikati ya chumba linakaribia kutoweka. Chumba kikiwa mraba, urefu na upana vinaamsha masafa yaleyale, na tatizo linajiongeza. Hapohapo, kati ya Hz 50 na 60, ndipo kiki, ile ngoma nzito, ya nyimbo nyingi za sasa ilipokaa. Prodyuza aliyeweka kiti chake katikati ya chumba anasikia kiki dhaifu, anaiongeza. Rafiki yake aliyeegemea ukuta anasikia ngurumo, anamwambia apunguze. Wa tatu anausikiliza wimbo huohuo kwa spika ya simu, anauliza besi imekwenda wapi.

Wote watatu wamesema kweli, na hakuna hata mmoja kati yao aliyesema jambo linalohusu wimbo wenyewe. Wawili wamezungumzia chumba, mmoja amezungumzia simu. Spika ndogo ya simu haina uwezo wa kusukuma sauti nzito. Chini ya Hz 300 hivi nguvu yake inaporomoka haraka. Kuinua besi hakutamsaidia yule wa simu hata kidogo, kutamchosha tu yule wa ukutani. Linalomsaidia ni kuichafua besi kidogo kwa plagini ya kukwaruza sauti, ili izae masafa ya juu yake ambayo spika ya simu inaweza kuyatoa. Sikio likiyapata hayo ya juu, linajaza lenyewe noti ya chini isiyokuwepo. Kumbe malalamiko mawili yanayopingana, moja la kuzidi na moja la kupungua, yanaweza kutibiwa bila kuisogeza besi juu wala chini.

Kwa hiyo maoni yasiyotaja mahali na kifaa yana thamani ndogo. "Besi imezidi" ni nusu ya habari. "Besi imezidi nikisikiliza kwenye gari, ila kwenye hedifoni iko sawa" ni habari nzima. Hata njia ya kutuma faili ina neno lake. Wapo wanaocheza wimbo kwenye spika, wakaurekodi tena kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, halafu wakauliza kama vokali zina ung'avu. Ung'avu huo umeshaliwa mara mbili, na chumba kisha na ubanaji wa ujumbe wa sauti. Faili litumwe kama waraka, lifike lilivyotoka.

Na tukiwa kwenye chumba, niseme waziwazi kuhusu trei za mayai. Zimebandikwa kwenye kuta za studio za nyumbani kutoka Mbagala hadi Kayole, na bado mtu akilalamika kwamba vokali inasikika kama imeimbiwa kwenye pipa, anashauriwa aongeze nyingine. Trei ni karatasi nyembamba. Zinaparaza masafa ya juu kidogo na kuyaacha ya kati na ya chini kama yalivyokuwa. Kinachomeza sauti ni unene. Wimbi la Hz 100 lina urefu wa karibu mita 3 na nusu, na karatasi ya milimita chache hailizuii. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, kabati la nguo lililofunguliwa milango na mablanketi mazito yaliyoachana kidogo na ukuta vinafanya kazi zaidi. Kwenye nyumba ya bati isiyo na dari, saa ya kurekodi nayo ni sehemu ya miksi: mvua ikianza, hakuna plagini ya kuitoa.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wenye uzoefu, nao ni ukubwa wa sauti. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo inabadilika kadiri sauti inavyopanda. Kwa sauti ndogo, besi na masafa ya juu kabisa vinajificha. Ongeza sauti, vinajitokeza, na wimbo uleule unaonekana umenona. Mtu akikutumia miksi mbili na ya pili ina sauti kubwa kidogo kuliko ya kwanza, utaisifu ya pili hata kama imeharibika. Ndivyo "masta" nyingi za nyumbani zinavyopata sifa: limita imesukumwa mpaka wimbo umekuwa bapa kama ukuta, wasikilizaji wanne wamesema umeiva, na mwenye wimbo ameamini amesonga mbele. Wimbo ukifika Spotify unashushwa hadi wastani wa LUFS −14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), sawa na nyimbo za wengine, na YouTube nayo hushusha zilizozidi. Kelele yote aliyoinunua kwa kuua mapigo ya sneya inachukuliwa, ubapa unabaki. Anayetaka maoni ya haki kati ya miksi mbili azilinganishe kwanza kiwango cha sauti, kwa mita au kwa sikio, ndipo azitume. Ni kazi ya dakika moja, na sijui kinga nyingine ya bei rahisi kama hiyo.

Hayo yote ni ya ufundi, na ufundi unajifunzika. Ugumu uko kwingine. Kadiri ninavyosoma na kusikiliza maoni ya wanamuziki wa nyumbani, ndivyo ninavyoamini kwamba mazungumzo ya miksi mara nyingi ni maficho. Kumwambia mwenzako "sneya ing'arishe" hakumuumizi mtu. Kumwambia kwamba ubeti wake wa pili unarudia wa kwanza kwa maneno mengine, au kwamba sauti yake inateleza chini ya noti kila anapofika mwisho wa kiitikio, kunahitaji ujasiri, na uhusiano unaoweza kubeba ukweli huo. Basi msikilizaji aliyechoka kwenye dakika ya pili anaihisi ile kero, hataki kumvunja mwenzake moyo, anatafuta mahali salama pa kuitua. Anaitua kwenye besi. Kijana anapunguza besi na kutuma tena. Kero bado ipo, kwa hiyo safari hii msikilizaji anataja riveba. Wanaweza kuzunguka hivyo mwezi mzima, huku tatizo likiwa ni utangulizi wa sekunde arobaini usio na jambo lolote ndani yake.

Mgonjwa mzuri humweleza daktari panapouma na tangu lini, hafiki na jina la dawa. Msikilizaji naye ana utaalamu mmoja ambao mwenye wimbo hana: anausikia kwa mara ya kwanza. Mwenye wimbo ameshausikia mara mia, hana tena uwezo wa kushangazwa nao, wala wa kuchoshwa nao pale mgeni anapochoka. Kwa hiyo ninachokitaka kutoka kwa msikilizaji ni kile kilichompata, pamoja na sekunde kilipompata. "Kwenye 0:48 nilipoteza maneno." "Kwenye 1:20 niliangalia simu." "Kiitikio cha pili kilipoingia nilidhani wimbo umeisha." Sentensi kama hizi anaweza kuzitoa mama lishe, dereva wa bajaji, shangazi, wala hazimhitaji ajue kompresa ni nini. Mwenye wimbo ndiye atakayetafuta sababu. Huenda maneno yalipotea kwa sababu gita limekaa kwenye masafa ya sauti yake, huenda alirudi nyuma ya maiki, au aliandika mstari wenye silabi nyingi kuliko pumzi.

Kwa muziki wetu, hilo la maneno lina uzito wa pekee. Msikilizaji wa taarabu, dansi au Bongo Fleva hufuata maneno; fumbo likimpita, wimbo umempita. Hata hivyo, mtu aliyeandika mashairi mwenyewe hawezi kujua kama yanasikika, maana kichwa chake kinamjazia kila silabi iliyofukiwa. Ipo njia moja ninayoipendekeza kila ninapoulizwa. Mpe mtu asiyeujua wimbo kalamu na karatasi, aucheze mara moja tu, aandike maneno ya ubeti wa kwanza. Usimsaidie. Kisha linganisha. Pale alipoacha pengo au kuandika neno jingine ndipo pa kushughulikia, na aina ya kosa lenyewe inakuelekeza. Akikosa mwanzo wa maneno, konsonanti zimefunikwa, pengine kiki na sneya zinaangukia juu yake, au masafa ya kati ya Hz 2,000 na 4,000, ambayo hubeba sehemu kubwa ya uwazi wa usemi, yamejaa sinthi na gita. Akikosa miisho ya mistari, mwimbaji anashusha sauti pumzi inapokwisha, na hapo dawa ni kurekodi upya mstari huo au kuinua silabi zile kwa mkono kabla ya kompresa. Akikosa maneno yote kwa usawa, vokali iko chini, basi. Karatasi hiyo moja imebeba habari kuliko "vokali zije mbele kidogo" kumi.

Vokali kuja mbele nako kuna mkasa wake. Waimbaji wengi wa nyumbani hawana biti yenye traki zake. Wameipakua mtandaoni ikiwa faili moja la stirio, imeshamiksiwa, imeshasukumwa na limita mpaka mwisho. Mwimbaji kama huyo anaambiwa na mwenzake ashushe kiki, apunguze piano, asogeze shekere pembeni. Hawezi. Vyote vimekwisha kandikwa pamoja. Anayetoa maoni angeuliza kwanza, "Una traki za biti au una faili moja?" angeokoa muda wa wote wawili. Mwenye faili moja ana njia chache, ila zinafanya kazi: aishushe biti nzima kwa desibeli kadhaa kabla hajagusa vokali, kisha aichimbie nafasi ndogo, desibeli 2 hadi 4, kwenye masafa yanayogombana na sauti yake, ikiwezekana pale tu anapoimba. Anaogopa kuishusha biti kwa sababu wimbo unapoa; hilo linarudishwa mwishoni, wakati wa kumasta. Ajizuie pia kutandaza vokali kushoto na kulia kwa ujanja wa stirio. Spika ya bluetooth ya kinyozi mara nyingi inaunganisha pande zote mbili kuwa moja, na kilichotandazwa kwa kugeuza mawimbi kinajifuta chenyewe. Kiitikio kilichokuwa kipana kwenye hedifoni kinageuka kuwa mnong'ono mtaani.

Maoni pia yanaweza kuwa sahihi kwa muziki mwingine na kuwa upotoshaji kwa huu. Singeli ndiyo mfano wa wazi. Mapigo yake yanakimbia kati ya 200 na 300 kwa dakika, na studio ya Sisso ya Dar es Salaam ilipojulikana nje kupitia mkusanyiko Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, wasikilizaji wa huko walipokea muziki usiofuata kanuni walizozizoea za usafi wa sauti. Kwa mapigo 240 kwa dakika, pigo moja linachukua robo sekunde. Riveba yenye mkia wa sekunde moja na nusu, ambayo kwenye wimbo wa mapigo 90 inafunika mapigo mawili na kitu, hapa inafunika mapigo sita. Kila kitu kinakuwa ukungu. Kompresa inayoachia polepole haipati nafasi ya kuachia kabisa. Kijana wa singeli anayeambiwa na mtu wa R&B kwamba wimbo wake ni mkavu na mkali, aupe nafasi ya kupumua, akitii, ataharibu kitu ambacho wachezaji wa sherehe za mtaani za kigodoro wanakijia. Ukali ule ni sehemu ya utungo. Kabla ya kumshauri mtu, jiulize wimbo wake unataka kuchezwa wapi na kwa spika gani. Ukishindwa kujibu, muulize mwenyewe.

Tabia zetu nazo zinaingia. Tumelelewa kumheshimu aliyetutangulia, na hilo ni jema, lakini kijana wa miaka 19 aliyesikia kwamba sauti ya kaka yake wa mtaani imepitwa na biti kwa robo sekunde atanyamaza, atasema "Kaka, hii imekaa." Kwa upande mwingine, waimbaji wa kike nimewaona wakipata kimoja kati ya viwili: sifa za sauti tamu zisizogusa wimbo, au maelekezo marefu ya kiufundi kutoka kwa watu ambao hawakumaliza kuusikiliza. Wengi wao wanamiksi wenyewe na wanajua wanachokifanya. Waulizwe wanachotaka kusikilizwa, kama yeyote mwingine.

Kuuliza vizuri ni nusu ya kazi, na nusu hiyo iko mikononi mwa mwenye wimbo. "Nipe maoni" ni swali linalovuna "Moto". Wimbo ukiwa bado gita na sauti, swali liwe la wimbo: ulichoka wapi, kiitikio kilikukaa kichwani, ubeti wa pili umeongeza nini? Wakati huo kila kitu bado kinabadilika bila gharama. Vokali zikisharekodiwa, uliza kuhusu uimbaji, maana maiki bado ipo mezani na mstari mbovu unarudiwa kwa dakika tano. Miksi iulizwe mwisho, kwa maswali membamba: sauti yangu inapotea wapi, kuna kinachokuchoma sikio, kwenye spika yako kiki unaisikia? Ninaona watu wengi wakigeuza mpangilio huu, wanaomba maoni ya wimbo siku wanayotaka kuupandisha mtandaoni, wakati hakuna anayeweza tena kuwaambia kwamba kiitikio ni kidhaifu bila kuonekana mchawi.

Halafu ipo haki ya kukataa. Maoni ya watu watatu wasiojuana yakigonga sekunde ileile, pana kitu pale, hata kama kila mmoja amekiita jina lake. Mtu mmoja akitaka jambo ambalo wengine hawakulisikia, huenda anasema tu angeutunga vipi yeye. Mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alirekodi nyimbo nyumbani kwa mashine ya kaseti ya traki nne, Portastudio, aina iliyoingia sokoni mwaka 1979. Zilikuwa za kuwaonyesha wenzake tu. Bendi yake ikajaribu kuzirekodi upya studio kwa sauti safi, na zikapoteza kilichokuwa ndani yake. Kaseti yenyewe, pamoja na kuvuma kwake, ndiyo ikawa albamu ya Nebraska ya mwaka 1982. Mwimbaji Billie Eilish na kaka yake Finneas walitengeneza albamu yao ya 2019 kwenye chumba cha kulala Los Angeles, wakaiacha sauti inong'one karibu kabisa na maiki, jambo ambalo washauri wengi wa geto wangelisahihisha siku ya kwanza. Ikapata Grammy ya albamu ya mwaka. Hizo si ruhusa za kupuuza kila kitu. Springsteen alikuwa ameshazijaribu nyimbo zake kwa njia zote mbili, ndipo akachagua.

Anayekataa basi amweleze aliyeshauri. Mtu aliyeusikiliza wimbo wako mara tatu, akaandika sekunde kwa sekunde, anastahili kujua maelezo yake yamefanya nini: hapa nimeshusha gita na maneno yametoka, hapa nimeacha kwa sababu ukali huu ndio ninaoutaka. Mtumie toleo jipya likiwa na kiwango kilekile cha sauti, umuulize kama 0:48 sasa anaisikia. Akiona kazi yake imetumika, wimbo unaofuata atausikiliza kwa makini zaidi ya huu. Asipojibiwa, mara ijayo ataandika "Moto" na kuendelea na shughuli zake.